Maombi ya Treni ya Watoto

Mama yangu, Peres, hasafiri bila kuomba, hata akitoka Loresho kwenda sokoni. Jumamosi tulimpeleka mwanangu Ivyne kwenye bustani ya michezo Kilimani. Mama na Ivyne walipoketi kwenye treni ya watoto, ile inayozunguka kitalu kimoja cha maua, Mama akafumba macho.

"Mama, kuku akitembea tu anaipita hii!" nikamwambia nikiwa nimesimama kando, watu wakitutazama.

Hakunijali. Aliombea dereva, breki, magurudumu, hata maadui wa familia yetu. Treni ikaondoka, ikazunguka, ikarudi, ikasimama. Ivyne akashuka, akakimbilia bembea.

"Amina," Mama akasema. Akafumbua macho, akaangalia kituo, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unanicheka. Si tumefika salama?"