Posa Mbili za Nadra

Vyuo viwili vya udaktari vilipomkubali Nadra katika wiki moja, bibi yake, Bi Mwanamize, aliagiza halua na kufukiza udi nyumba nzima, kana kwamba wachumba wawili wamebisha hodi. Ajabu gani? Kwa Bi Mwanamize, jambo kubwa la maisha huchaguliwa kwa njia moja tu: kuulizia ukoo wake, kama wa mchumba.

Nadra alikuwa na shahada yake ya baiolojia tayari, na vyuo vyote viwili vilipokea watu kama yeye, waliokwisha kusoma kitu kingine. Miaka minne tu, unatoka daktari. Kimoja kilikuwa papa hapa Maskati, si mbali na kwao, mtaa wa Darsait. Cha pili kilikuwa Ayalandi, na hicho Nadra alikitaka hadi akakosa usingizi. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita mjukuu wa fulani. Hakumwambia mtu. Alilelewa kuitikia kila kitu, na watu wakamsifu kwa adabu yake.

Bibi alianza uchunguzi. Jamaa mmoja aliyekuwa Ayalandi aliamrishwa akasimame langoni mwa chuo awatazame wanafunzi: wamenawiri? Wanasalimiana? Jibu likaja kwamba mvua ilikuwa kubwa, wote walikuwa wanakimbia.

"Wanakimbia nini?" Bibi aliuliza kwa hofu.

Ijumaa, baada ya chakula, ukoo ulikusanyika sebuleni. Ami Khalil, ndugu wa baba yake, mtu wa wizarani asiyeweza kuona watu watatu bila ya kuwafungulia kikao, alikohoa.

"Nadra, binti yangu. Huyu wa hapa Maskati, umemridhia?"

Nadra aliinamisha macho. Sauti ikagoma kutoka.

"Khalas!" Bibi alipiga makofi. "Kanyamaza, basi karidhia!"

Si ndivyo wanavyoulizwa mabinti wanaoposwa? Vigelegele vikapasuka. Ami Khalil akamsogezea Nadra simu yake. "Yallah, waandikie wenye chuo. Waambie tumekubali."

Nadra akaishika simu. Akayaona maisha yake yote yakipita hivyo hivyo, yeye kimya na wenzake wakipiga vigelegele. Akaogopa kweli.

"Mie sijakubali!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nnamtaka wa Ayalandi. Tangu siku ya kwanza nnamtaka yeye. Nimenyamaza kwa woga, Bibi, si kwa ridhaa."

Ami Khalil alitazama dari. Bibi alimkazia macho mjukuu wake, kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

"Kumbe sauti anayo!" alisema, akijifuta kwa mtandio. Akamkamata mkono. "Haya. Watakuja kukuchukua lini?"

"Hawaji, Bibi. Nnakwenda mwenyewe."

"Mwenyewe," Bibi alirudia kwa sauti ndogo, na ule mkono hakuuachia.