Mshenga wa Mbonimpa

"Inaongelea kipimajoto tulichokitupa kiangazi," Mbonimpa alisema, akaisukuma kompyuta. "Imechanganyikiwa."

"Umeichanganya wewe," alijibu mkewe, Adela, akisuuza ndoo mlangoni.

Mbonimpa alikuwa fundi simu wa Kaisho, shule aliiacha darasa la sita. Kikundi cha wafugaji kilimwachia tangi la kupozea maziwa. Yeye na akili mnemba ndio walioandika programu inayotuma ujumbe kwenye simu ya Adela maziwa yakianza kupata joto. Tangu asubuhi programu ilikuwa bubu. Jioni maziwa ya watu yangeingia. Tangi likigoma wamelala, yote yangechacha.

Ugonjwa huo waliwahi kuutibu. Lakini akili mnemba huanza kila mazungumzo upya, ya jana haiyajui. Ya zamani yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta, basi akayamwaga yote ndani ya mazungumzo ya leo: majaribio yaliyoshindwa, vifaa vilivyotupwa, hata siku aliyoitukana. Majibu yakaja marefu, ya hovyo.

"Baba Costansia, ulipotaka kunioa ulileta ukoo mzima kwetu Bugomora?"

"Nilimtuma Cassian awe mshenga."

"Akashinda na wazee wetu. Wakamsimulia ng'ombe, mipaka, ugomvi wa babu. Akarudi akakwambia nini?"

"Kwamba wamekubali."

"Basi?"

"Na kwamba una mdomo. Hilo nililijua."

Adela alimrushia maji ya ndoo. Mbonimpa alijifuta uso, kisha akafungua mazungumzo mapya, matupu. Pembeni akafungua dirisha jingine la akili mnemba hiyohiyo, akaandika: "Wewe soma yote ya zamani. Tafuta siku ujumbe ulipokoma na tulivyorekebisha. Niletee mistari mitatu tu, mengine baki nayo huko."

Mshenga huyo wa dirishani hakuchelewa. Laini inayotuma ujumbe ikibadilishwa, alisema, namba ya kituo cha ujumbe, inakopitia kila meseji, hufutika. Mara ile mliiandika ndani ya programu. Iandikeni tena.

"Jana nilibadilisha laini ya tangi," Mbonimpa alisema polepole.

"Na mimi nina mdomo," alisema Adela.

Mbonimpa alibeba mistari hiyo mitatu tu kwenda kwenye mazungumzo matupu. Safari hii jibu lilikuwa fupi, na la maana. Akaiwasha programu upya, akachomoa kipimajoto kwenye tangi, akakifumbata kiganjani kukipasha joto. Nje, baiskeli ya kwanza yenye madumu ilikuwa inapanda kilima.

Simu ikalia mlio wa ujumbe ndani ya kitenge cha Adela. Mikono yake ilikuwa na povu, hakuitoa. Ikalia tena. Walitazamana, na Mbonimpa hakufumbua kiganja.