Mapinduzi ya Dakika Arobaini

Bisher alitawala dakika arobaini tu, na hata hizo alizipata kwa sababu Amiri Mkuu alikuwa amelala usingizi wa mchana. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Utawala wenyewe ulikuwa wa Bonde la Komamanga, mahali usipoweza kupafikia kwa gari wala kwa miguu, maana pako ndani ya mtandao. Humo mna nchi arobaini na tatu, na kila nchi ni mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta yake, huyu yuko Oran, yule Muscat, mwingine Aleppo. Wanachagua mawaziri, wanagombea mipaka, wanawekeana mikataba, wananuniana. Katika mji wa Salt, Bisher alikuwa karani wa kupiga mihuri vyeti vya kuzaliwa, na mkubwa wake wa kazi hadi leo alikuwa akimwita Bashir. Bondeni alikuwa Rais wa Jamhuri ya Mlozi, yenye reli ndefu na jeshi la majini lisilo na bahari, na mwaka huu wenzake walikuwa wamemchagua kuwa Naibu wa Amiri Mkuu.

Akaandika katiba. Miezi mitano, kurasa themanini na nane. Amiri Mkuu, mwanzilishi wa Bonde, ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, aliisoma akaijibu mbele ya baraza zima kwa maneno manne: "Hii kazi ya karani."

Bisher aliona giza. Saa nane mchana siku hiyohiyo alitumia mamlaka ya unaibu wake kubadilisha bendera, kuwafukuza mawaziri watano na kufunga lango. Saa nane na dakika arobaini Amiri Mkuu aliamka, akarudisha kila kitu mahali pake, na kumfungia Bisher nje ya Bonde kwa miaka mia moja.

Wiki tatu Jamhuri ya Mlozi ikabaki peke yake nyikani, haina hata jirani wa kugombana naye. Bisher akakonda, hali, halali. Mama yake akambana, naye, kwa kuwa mficha uchi hazai, akasema yote. Mama hakungoja. Akampigia simu shemeji yake, Haji Mutlaq.

Haji Mutlaq alikuwa fundi wa jaha, ule ujumbe wa wazee wanaokwenda nyumbani kwa aliyekosewa kumwombea radhi mkosaji. Alishamaliza visa vya damu, vya mashamba, vya mabinti waliotoroshwa. Lakini siku hizi vijana wanakwenda polisi, na joho lake lilikuwa linaliwa na nondo kabatini. Alifika jioni hiyohiyo.

"Kulikuwa na kiapo?"

"Kilikuwepo, ami. Naibu huapishwa."

"Ukakivunja?"

"Nikakivunja."

"Ukafukuza watu wake, ukashusha bendera yake?"

"Ndiyo, lakini ami, ni mchezo wa kompyuta."

"Kiapo hakiulizi kimeapiwa wapi. Huyo mtu anakaa wapi?"

"Sijui. Aliwahi kusema tu yuko Irbid, nyuma ya kinu cha unga, na mwanawe Midhat yuko Ujerumani."

"Na hilo ndilo unaloliita kutojua," alisema Haji Mutlaq, akapiga simu mbili, akampata.

Ijumaa baada ya sala, wazee kumi na wawili waliondoka na magari matatu. Kwa desturi mkosaji hubaki nyumbani na aibu yake. Lakini dereva wa gari la tatu aliamka mgongo umemkamata, ikabidi Bisher ashike usukani, kwa sharti kwamba siku hiyo hana jina wala mdomo.

Amiri Mkuu, ambaye mtaani aliitwa Abu Midhat, alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la sufu na miwani iliyofungwa uzi shingoni. Bisher alimtazama kutoka mlangoni, karibu na viatu, akasononeka. Miaka sita alikuwa amemfikiria ana mabega mapana. Majirani walijaa sebuleni. Waliambiwa kuna jaha, hawakuambiwa ya nini. Kahawa ikamiminwa. Haji Mutlaq akapokea kikombe na kukiweka chini bila kukionja, na kikiwekwa hivyo nyumba nzima hujua kwamba kuna ombi, na hakuna atakayekunywa hadi lijibiwe.

"Abu Midhat," alianza, "kijana wetu alikula kiapo chako akakitapika. Ameshusha bendera yako. Amewafukuza mawaziri wako watano, na mmoja wao, nasikia, ni wa afya. Hatuna la kujitetea."

Majirani wakatazamana. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Umm Midhat, mke wa mwenye nyumba. "Mawaziri gani? Si uliniambia humo chumbani unafanya kazi ya tafsiri?"

Abu Midhat aliiva uso hadi masikioni. Siri yake ilikuwa imeanikwa mbele ya mtaa mzima, na angeweza kukana na kuwacheka wageni. Badala yake alivua miwani, akakaa wima.

"Nadai miaka mia," alisema.

"Ni haki yako," wazee wakaitikia kwa pamoja. Ndivyo inavyopasa: aliyekosewa hutaja dai zito, kisha hulipunguza kwa heshima ya huyu na yule.

"Ishirini nasamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ishirini kwa ajili ya Mtume."

Wakamsalia Mtume.

"Ishirini kwa ajili yako, Haji. Ishirini kwa ndevu nyeupe zilizopanda ngazi zangu. Kumi kwa majirani, ambao kesho hawatakuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Na tisa kwa Umm Midhat, ambaye leo amejua kuwa ni mke wa Amiri Mkuu."

"Wageni wakiondoka tutaongea," pazia likasema.

"Mmoja unabaki."

Miaka tisini na tisa kati ya mia. Maisha yake yote Haji Mutlaq hakuwahi kushusha dai namna hiyo. Akainua kikombe, akanywa, na wote wakanywa. Kesi imekwisha. Kila mtu aliridhika isipokuwa dereva. Mwaka mmoja Bondeni ni chaguzi sita. Hata jina la Mlozi lingesahaulika, na Bisher angebaki na mhuri wake tu duniani. Akasimama.

"Na huo mmoja pia, Amiri Mkuu."

"Kaa chini, dereva," alisema Haji Mutlaq kwa meno yaliyofungwa.

"Mimi ndiye Mlozi."

Mzee mmoja alianza kutafuta viatu vyake.

"Nilikudhani mtu mzima zaidi," alisema Abu Midhat.

"Nami nilikudhani mrefu."

"Kwa nini ulinipindua? Nilikuamini mimi."

"Uliniita karani mbele ya baraza zima. Na mimi ni karani kweli, mzee wangu. Kule ndiko mahali pekee ambapo mimi si karani."

Abu Midhat aliwanyooshea mkono watu wa mtaa. "Waulize majirani hawa," alisema. "Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ghala. Wakubwa walinitupia neno hilo kila siku. Katiba yako ilikuwa nzuri kuliko yangu, nikaona wivu, nikatafuta neno la kukuumiza. Nikaokota lile lililoniumiza mimi."

Haji Mutlaq aliinuka, macho yanang'aa. Kesi mbili kwa siku moja hakuwahi kuziota. "Basi na kijana amekosewa," alisema. "Taja dai lako, mwanangu. Wazee tupo."

Angeweza kudai mia.

"Nadai mwaka mmoja," alisema Bisher.

"Ni haki yako," wakaitikia wazee, na safari hii majirani pia.

"Mmoja kwa mmoja," akahukumu Haji Mutlaq. "Yamekwisha."

Ujumbe mzima ukaingia katika chumba cha tafsiri, walio nyuma wakichungulia juu ya mabega ya walio mbele. Abu Midhat alibonyeza kwa kidole kimoja hadi jina la Bisher likatoka kwenye orodha ya waliofungiwa. Bisher alilia bila kujificha. Kabla hajafuta machozi, maneno yalitokea kwenye kioo kutoka kwa mtu wa Oran: "Msaliti amerudi. Nani amemfungulia?"

Abu Midhat akamwachia kiti. "Mjibu wewe," alisema. "Mimi naandika polepole, na wewe ndiye Naibu."