Tundu la Buluu

Mimi ni mtu wa hasira, Isiolo nzima inajua, na kiburi pia ninacho. Kompyuta ya dukani kwangu, ninapotengeneza vifaa vilivyoharibika, ina matundu mawili ya USB: moja jeusi, la zamani, na jingine la buluu, lenye mwendo wa kasi. Kwenye lile la buluu nilichomeka mausi, kile kipanya cha kompyuta, nikiamini litafanya mshale wa kwenye skrini usichelewe.

"Ai, Mutwiri!" Makandi, anayeuza simu meza ya pili, alikuwa akinicheka. "Mausi inabeba nini? Kitu chepesi kinafika saa ileile hata kwa njia nyembamba. Njia pana ni ya mizigo."

"Uza chaja zako," nilimjibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne asubuhi Deeqa akaja kutoka Kulamawe, binti yake Hoda mgongoni. Alinisalimia, kisha akafungua kitambaa. Mlikuwa na diski ya kompyuta ya marehemu mumewe, Elmi, mpiga video wa harusi. Ndani ya diski kulikuwa na video moja kubwa, aliyojirekodi akiwa mgonjwa, akiongea na Hoda.

"Huyu bado hajui kusema baba," Deeqa alisema. "Na sauti ya baba yake haiko mahali pengine, ndugu yangu."

Diski ilikuwa imeanguka. Nikaiweka sikioni: kak, kak, kak. Nikamwambia ukweli, ikiwaka ni mara moja tu, tunakili haraka halafu basi.

Nikaichomeka pale palipokuwa wazi, kwenye tundu jeusi. Mkono ulizoea. Kompyuta ikaandika kwamba kunakili kutachukua dakika kumi na saba. Hapo ndipo nilipoiona mausi imekalia tundu la buluu, lakini kuchomoa diski inayokufa ni kuimaliza. Deeqa alikuwa akisoma dua kimyakimya. Dakika ya kumi diski ikagonga mara mbili, ikanyamaza. Nilihangaika nayo mpaka adhuhuri, wapi; na video iliyokatikia njiani haikufunguka.

"Alhamdulillahi," alisema huku akilia. "Umejitahidi. Mungu akulipe."

Ningenyamaza, angeondoka akiniombea heri. Nilishindwa. Nikamwonyesha tundu la buluu.

"Hapa ingechukua dakika tano, dada. Kosa ni langu."

Makandi aliinamia simu zake. Siku hiyo hakunicheka.

"Kwani hapa kulikuwa na nini?" Deeqa akauliza.

Nikainua mausi. Hoda akanyoosha mkono aichezee. Deeqa aliitazama.

"Sasa hii," akauliza, "ilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"