Uso wa Mke wa Kwanza

Benta alikuwa na kipande cha kioo cha lori, amekichomeka ukutani karibu na mlango, na mwaka ule wa 1991 kioo hicho kilimtesa kuliko binadamu yeyote pale Mamboleo. Damu ya mwezi ilikuwa imekatika, naye akashukuru kupumzika. Hakuna aliyemwambia kwamba uso nao ungeondoka. Mashavu yalikauka yakawasha, ngozi ya chini ya kidevu ikalegea, madoa meusi yakatokea karibu na macho, na kidevuni ukachomoza unywele mgumu ambao aliung'oa kwa kucha na bado ukarudi. Na chunusi juu yake! Mwanamke mwenye wajukuu anatoka chunusi, hebu fikiria.

Angevumilia yote hayo lau si Lornah. Lornah ni mke mwenza, nyumba yake upande wa pili wa boma, miaka arobaini na kitu na uso bado unang'aa. Benta alimwonea wivu kwa kila kitu. Lornah akicheka, ni kwa sababu ya ule uso. Lornah akitembea polepole na ndoo ya maji, anauonyesha. Na Gordon, mume wao, fundi wa magari mjini Kisumu, akirudi jioni baiskeli yake ilipita mlango wa Benta bila hata kengele, ikaenda kuegemea ukuta wa Lornah.

Lakini mvua za Machi zilikuwa zimeanza, na hapo Benta alikuwa na lake. Kwa Wajaluo, mbegu haziingii ardhini bomani mpaka mke wa kwanza apande, naye hapandi mpaka mume alale nyumbani mwake usiku wa kuamkia siku hiyo. Apende asipende, Gordon angekuja. Ila Benta hakutaka aje kwa ajili ya mahindi tu. Alitaka akae, amtazame, aseme hata neno moja la mume kwa mke, ajue kwamba bado anahesabiwa mwanamke.

Basi akaenda kwa Waceke, Mkikuyu mwenye duka pale njia panda, akanunua kopo dogo la krimu ya kung'arisha uso. Waceke alimwonya apake kidogo sana, tena kabla ya kulala tu. Benta akajiambia huyo anaongea hivyo kwa sababu hana haraka. Akapaka asubuhi, akapaka mchana akitoka kuuza samaki, akapaka jioni, nzito kama mtu anayekandika nyumba. Siku ya kupanda ilipokaribia, uso ulikuwa mwekundu, umevimba, mashavu yanabanduka vipande vipande. Alilia kwa hasira. Kuahirisha hakuweza, majirani wote walikuwa wameshapanda.

Gordon akaja jioni. Benta akampakulia samaki wa ngege na ugali wa mtama, kisha akaisogeza taa karibu na uso wake kwa makusudi, liwalo na liwe. Gordon akala, akauliza kama jembe limetiwa mpini, akanusanusa, akasema mafuta ya taa ya siku hizi yanachanganywa na kitu, yananuka vibaya. Kisha akaenda kulala. Hakuuona uso uliobanduka. Wala ule wa zamani hakuwa akiuona. Benta alilielewa hilo akiwa amekaa pale na sahani mkononi, na likamchoma kuliko krimu.

Asubuhi Gordon akaenda zake kazini, na Benta akapanda mstari wake wa kwanza. Lornah alikuwa akisubiri mpakani na mbegu zake kwenye kikapu. Akamtazama mara moja tu, akaweka kikapu chini, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Perez, uso wako umefanya nini?"

Kati ya watu wote, huyu ndiye aliyeona. Benta akamjibu kwa mkato kwamba ni krimu, akangoja achekwe. Lornah hakucheka. Akasogea, akauliza krimu yenyewe inaitwaje, na kama na yeye anaweza kuipata.

Kopo lilikuwa mfukoni mwa aproni, limebaki nusu. Wivu ukamwambia mpe. Mwambie ni nzuri, kwanza inabandua ndipo ngozi mpya inatoka. Apake huo uso wake wa kuringia, tuone. Benta alishaingiza mkono mfukoni, na uongo wenyewe alikuwa nao tayari mdomoni.

"Ya nini kwako?" akauliza. "Wewe uso unao."

"Leo ninao," Lornah akasema. "Nakutazama kila siku, Mama Perez, nijue zamu yangu itakuja vipi. Wewe hata mume akikuchoka, kupanda kukifika ni lazima aje. Kwangu hana lazima. Huu ukienda, nitabaki na nini?"

Benta akasimama na kopo mkononi. Hiyo lazima iliyomdhalilisha jana, mwenzake alikuwa akiitamani. Akachukua jembe, akachimba shimo refu kuliko la mahindi, akalitupa kopo humo, akafukia na kukanyaga.

"Inachoma," akasema. "Usiiguse. Haya, panda kwako kabla mvua haijarudi."

Usidhani wivu uliisha. Lornah alipoinama kwenye mstari wake, jua likampiga shavuni, shavu likang'aa, na Benta akageukia pembeni akasonya. Kisha akamtazama tena, safari hii kidevuni, akaona unywele mmoja mfupi, mgumu. Hakumwambia.