Kazi Namba Sita

Mume wangu Delbert aliacha kwenda kliniki mwezi wa kumi na moja, na mimi nikajifanya sioni mpaka Februari. Madaktari wa hospitali ya Iowa City walikuwa wamemkata zoloto kwa sababu ya saratani, sauti ikaenda nalo, wakasema arudi kila mwezi wampapase shingo. Alirudi mara mbili tu. Nikimuuliza, anainua mabega na kushuka zake chini kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ndogo, ya kuchomeka kwenye televisheni, ambayo watoto wa wenzetu walichezea michezo wakaichoka. Lakini yeye na wenzake wa klabu ya kompyuta waliitia mfumo uitwao OS-9, na hapo huwaambii kitu. Hauna picha wala madoido. Unaandika amri, unajibiwa. Ila unafanya kazi tatu nne kwa mpigo, na watu wawili wanaitumia mashine moja bila kugombana. Katika nyumba yetu hilo lilikuwa jambo geni.

Kwa vile hawezi kusema, na mimi sina subira ya kusoma kibao chake cha kuandikia, alichukua mnadani skrini kuukuu yenye kibodi, akapitisha waya kwenye tundu la sakafuni la hewa ya moto, itokayo kwenye tanuru la kupasha nyumba, akaniwekea jikoni. Yeye chini, mimi juu, kompyuta moja. Nilikuwa nachapa mapishi ya kitabu cha akina mama wa kanisa letu la Kilutheri, na katikati ya mapishi maneno yake yanatokea.

"Kahawa ipo?"

"Ipo, na miguu unayo."

"Una roho mbaya, bibie."

Nilikuwa nimeanza kumsikia tena, jamani. Ndiyo maana niliogopa kumbana kuhusu kliniki.

Jumanne moja asubuhi mapishi ya maharage ya Ardith, mwenzangu wa kanisani, yakaanza kunigomea. Nabonyeza herufi, inatokea baadaye. Delbert alinifundisha amri ya kuorodhesha kazi zote zinazoendelea, ili nisimsumbue kila dakika. Nikaiandika. Kazi namba nne, mapishi yangu. Namba tano, printa inachapa jarida la klabu. Namba sita, Delbert anaandika faili. Jina la faili: ARLYS.

Arlys ni mimi.

Wenzake klabuni kila mtu hufunga mafaili yake. Delbert alinipa mamlaka yote ya mashine sawasawa na yake, eti nisikwame nikamwita. Mwanamume anayepanga misumari kwa urefu wake hakuwaza kwamba mkewe ataona jina lake mwenyewe na kutaka kujua linafanya nini humo. Nikafungua ile sehemu aliyokwisha kuihifadhi.

"Kichujio cha tanuru, badilisha kila Oktoba. Bomba la nje, lifunge kabla ya barafu. Wendell akija kuazima msumeno, mkatalie, harudishi. Kanisani usikae peke yako, kaa na Ardith."

Iliendelea hivyo kurasa mbili. Nilikasirika. Mtu anakaa chini ananipangia ujane wangu, huku anakula chakula changu na kuniuliza kama kahawa ipo.

Nikaandika amri ya kuua kazi, nikaweka sita, nikabonyeza.

Chini kiti kikaburutwa.

"Nani ameua kazi yangu?"

"Tuko wangapi humu ndani?"

"Nilikuwa sijamaliza."

"Najua. Nimesoma. Umesahau mengi."

"Yapi?"

"Nitalalaje upande mmoja wa kitanda, hukuandika. Nitamfokea nani, hukuandika. Bomba nitalifunga, mzee, bomba halinishindi."

Herufi zake zikatokea moja moja.

"Sitaki kukatwa tena."

"Wewe hutaki kukatwa, mimi sitaki kuachwa. Panda juu tugombane ana kwa ana."

Akapanda, polepole. Kibao hakuja nacho. Alisimama mbele yangu macho mekundu, akafungua kola, akauchukua mkono wangu wa kushoto na kuuweka chini ya sikio lake. Kulikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya mahindi.

"Tangu lini?"

Akainua vidole vitatu.

"Wiki?"

Akatikisa kichwa: hapana, miezi. Nilitamani kumpiga, nilitamani kumkumbatia, na vyote viwili sikuweza.

Simu yetu iko ukutani hapo hapo jikoni. Nikaipigia hospitali kwa mkono wa kulia. Binti aliyepokea akaniuliza tunataka siku gani. Nikamwambia leo. Akasema leo pamejaa. Nikamwambia, mwanangu, sisi tunakuja, tutakaa hapo kwenye viti vyenu. Delbert akaanza kujivuta nyuma, lakini mkono wangu wa kushoto sikuutoa shingoni mwake.