Nyimbo Baada ya Ule wa Tatu

...na sasa ule wa tatu umekwisha na mikono yote miwili ya Stara iko kwenye mwiko, ugali wa uwele haumsubiri mtu, ukiuacha kidogo tu unashika madonge, Shamila yuko bombani na Imrani anaogeshwa uani na baba yake, kwa hiyo hakuna wa kubonyeza kitufe, basi kaseti iendelee, ingawa betri zimeanikwa juu ya bati kutwa nzima ili zipate nguvu na sasa zitakufia kwenye wimbo ambao hakuna aliyeuomba... maana katika nyumba hii kaseti ile ni wimbo mmoja, ule wa tatu, unaopigwa mpaka kwenye vibanda vya sokoni, ule ambao Hanifu, mwanawe mkubwa, akiusikia anashika fagio kama gitaa na kutikisa kichwa mpaka kofia inamtoka, na hata Mohamedi, baba yao, anayesema hao ni Wazungu wanaopiga kelele ndani ya kisima, anacheka, kisha mtoto mmoja anachomeka kalamu na kuurudisha utepe nyuma, hivyo hivyo kila jioni, mpaka utepe wa pale umechakaa na sauti inatetemeka... hodi, Mama Hanifu, ni Sikudhani wa nyumba ya pili, amesimama mlango wa jikoni, anamtania kwamba muziki wa wendawazimu umempata uzeeni, na Stara anacheka bila kugeuka, anasonga, Sikudhani anasema mume wake anarudi kutoka kazini Kizota hoi, mtu mmoja kazi za watu watatu, tangu karakana yao ipunguze watu, na mwanao naye pole yake, amepata pa kujishikiza?... pa kujishikiza, nani, Hanifu?, mwiko umesimama, wiki mbili sasa tangu apunguzwe, shoga, kwani hukujua, nilijua, anasema Stara, nilijua, upesi kama anayefunika chungu, na Sikudhani anatazama chini, anaaga... na ugali umeshika madonge. Ovaroli. Wiki mbili amefua ovaroli isiyo na tone la grisi, akafurahi, akasema afadhali, sabuni itafika mwisho wa mwezi, mama gani huyo, anafurahia sabuni... ponda madonge, ponda, ukandamize kwenye ukingo wa sufuria... kila asubuhi anaivaa, anaaga, shikamoo mama, marahaba, anapotelea kwenye lile vumbi la njiani, kwenda wapi, anakaa wapi kutwa, anakunywa maji kwa nani, na jana tu amewasimulia habari ya msimamizi aliyekalia rangi mbichi akatembea hivyo mpaka mchana, wakacheka mpaka Imrani akapaliwa, kumbe ameitunga njiani, peke yake, akitembea, akiwaandalia wao kicheko kama yeye anavyowaandalia mboga... na huu ni wimbo gani, wa ngapi huu, wa sita, wa saba, gitaa moja tu, ngoma hazijaingia, na kabla ya kuimba yule kijana mwimbaji anavuta pumzi, inasikika kabisa, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi, Kiingereza cha kidato cha nne kimemwachia Stara neno hapa na neno pale, mlango, nyumbani, kitu kuhusu kuchoka, lakini sauti ni ile ile, ndiyo iliyomshtua, ndiye yule yule anayepiga kelele kwenye ule wa tatu na wao wakadhani ana furaha... huku alikuwapo siku zote, nyuma ya ule wa tatu, na utepe wa huku ni mzima, haujachakaa, hakuna aliyefika. Na yeye Stara je, wimbo wake ni kuita chakula tayari, nani aliwahi kumwacha aendelee baada ya hapo... basi, ugali umeiva, moshi huu unaumiza macho, moshi tu, ugali kwenye sinia, mlenda kwenye bakuli, mkeka, maji ya kunawa, Shamila ameshatua ndoo, Imrani anadondosha maji kichwani, Mohamedi anavuta mkeka upande wake, na pale mlangoni Hanifu, shikamoo mama, ovaroli safi kama ya dukani, anasema leo karakana wameshinda na njaa kwa kukumbuka mlenda wa mama yake, Imrani ameshaanza kucheka, naye anainama dirishani kwenye redio, kalamu mkononi, kuurudisha ule wa tatu... aseme nini, aseme najua, mbele ya baba yake, mbele ya wadogo zake, hapana.

"Uache uendelee, mwanangu."

Anasema huo hamuujui, mama, huo hauchangamshi.

"Ndiyo maana tunausikiliza."

Kalamu imebaki hewani, anamtazama mama yake, anatazama ovaroli, anamtazama tena, na utani aliokuja nao leo hautoki, anaketi, ananyoosha mikono, na Stara anammiminia maji polepole kwenye vidole visivyo na grisi huku akihesabu kama kila jioni, baba yao, Shamila, Imrani, mimi... Hanifu... wote wapo, bismillahi, na ngoma ndiyo kwanza zinaingia.